Bahari Sebuleni kwa Shangazi

Siku watu wa ofisi ya Ardhi walipokuja kupaka rangi nyekundu milangoni, shangazi yake Siafu alikuwa kwenye cherehani, anakunja pindo la sketi ya shule, wala hakuinuka. Alimwacha mpakaji amalize alama yake, kisha akamuuliza ina maana gani. Akajibiwa kwamba nyumba yake, kisheria, imo baharini. Akauliza nani kasema. Akajibiwa kwamba wataalamu wa bahari ndio waliosema. Hapo ndipo alipoiweka sketi kando na kuchukua simu.

"Mwanangu," alisema, kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo watoto wote waliolelewa naye waliiogopa kuliko fimbo, "nilikusomesha ili uje uiingize bahari sebuleni kwangu?"

Siafu alicheka. Alidhani ni utani, maana shangazi alikuwa mtu wa maneno. Kicheko kilimkauka kinywani aliposikia kelele za majirani nyuma ya ile sauti, na mtu mmoja akitukana kwa mpangilio mzuri kabisa, tusi baada ya tusi, kama anayesoma.

"Namba wanazo," shangazi akaendelea. "Wanasema zimetoka ofisini kwako. Nimewauliza ni kazi ya nani, wakanitajia jina lako la vyeti. Nikawaambia huyo namjua, nimemfulia nepi."

Jina hilo la vyeti halikutumika sana. Siafu alilipata hili la pili mwaka alioletwa kwa shangazi, mama yake akiwa ameshazikwa na yeye bado ananyonya kidole. Jirani mmoja alimwambia aache kulia, naye akamng'ata mkono hadi damu. "Huyu si mtoto, ni siafu," alisema shangazi, na ikawa ndiyo hiyo. Alibaki mdogo wa umbo, mwenye shingo nyembamba na macho ya mtu anayesubiri uongo. Shuleni alikuwa hodari wa hesabu, na zaidi hodari wa kubisha. Mwalimu akisema jambo, Siafu huuliza limejulikanaje. Walimu wengine walimpenda kwa hilo, wengine walimtoa nje.

Kazi yake ilikuwa kukadiria uso wa bahari uko juu kiasi gani kando ya pwani, kwa wastani, ukishaondoa mawimbi na kupwa na kujaa. Mtu asiyejua hudhani hakuna cha kukadiria hapo; maji si yamelala tambarare kama ndani ya beseni? Hayajalala. Upepo huyasukuma upande mmoja na kuyarundika. Maji ya moto huvimba, ya mto huwa mepesi na kusimama juu kidogo kuliko ya chumvi, mkondo nao ukipita huacha upande mmoja umeinuka. Setilaiti hupima vizuri huko mbali, lakini zikikaribia pwani nchi kavu huzichanganya. Na kifaa cha kupimia maji kilikuwa kimoja tu, bandarini. Kwa sehemu zote zilizobaki ilibidi kutumia modeli: bahari nzima ya eneo lile imekatwakatwa vipande vya mraba ndani ya kompyuta, ikapewa upepo wake, mito yake na vina vyake, ikaachwa itembee miaka mingi ya kubuni hadi itulie, halafu ndipo wastani unachukuliwa.

Siafu aliijenga modeli hiyo karibu peke yake, katika chumba cha ghorofa ya tatu chenye baridi ya mashine, ambako alivaa sweta hata mwezi wa joto kali. Aliijua ilipo na nguvu na ilipo na udhaifu. Nguvu yake ilikuwa kueleza mteremko: wapi maji yameinuka kuliko wapi. Udhaifu ni kwamba haikujua sifuri ya nchi kavu. Vimo vyote vya ardhi katika nchi ile vilianzia kwenye kifungo cha shaba kilichojengewa katika ukuta wa gati la zamani. Modeli ilikuwa na sifuri yake yenyewe, haina habari na kifungo hicho. Ilibidi mtu azifunge hizo sifuri mbili pamoja kabla ya kutumia namba yoyote mlangoni pa mtu. Zaidi ya hapo, hori, ule mkono mwembamba wa bahari ambao mtaa wa shangazi ulikuwa kando yake, lilikuwa dogo kuliko mraba mmoja. Kwa modeli, hori lile lilikuwa bahari ya wazi tu, na mtaa haukuwepo.

Yote hayo Siafu alikuwa ameyaandika mbele ya namba zake, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la sita angeyaelewa: zisitumike ndani ya hori, na zisitumike popote kabla ya kufungwa na kimo cha nchi kavu.

Kwa hiyo alipokata simu ya shangazi hakuwa na haja ya kuuliza kilichotokea. Alijiuliza tu ni nani aliyezitoa namba bila maelezo yake. Akashuka ngazi kwenda kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi wao walimwita Shwari. Ukimwambia paa linavuja, atasema mambo shwari. Ukimwambia mshahara umechelewa, shwari. Alikuwa mrefu, mtanashati, na kila alipoulizwa jambo zito alivua miwani na kuifuta.

"Bosi, nani aliwapa watu wa Ardhi namba zangu?"

"Kaa kwanza."

"Nitasimama."

Shwari akavua miwani. "Waliomba. Ofisi ya umma hainyimi ofisi ya umma."

"Na maelezo?"

"Yalikuwa marefu, dada yangu. Wale hawasomi hadithi. Wana haraka, kuna watu wanataka kujenga maghala pale horini, na wizara inataka mstari. Waliomba namba, nikawapa namba."

"Ukayaondoa maelezo."

"Niliyafupisha."

"Hadi yakaisha."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesifiwa. "Sawa, tuseme ina kosa. Kila namba ina kosa lake, wewe mwenyewe husema hivyo kila siku."

"Kosa langu naujua ukubwa wake na nimeuandika. Hili ni lako. Sheria inasema wachukue wastani wa bahari, waongeze kimo cha bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na kila kilicho chini ya mstari huo ni cha umma, hakina fidia. Wewe umewapa wastani unaoanzia hewani. Ni kama kumpima mtoto urefu akiwa amesimama juu ya kiti, halafu kumshonea suruali."

"Hasira hasara," alisema Shwari.

"Hasara ya nani?"

Shwari alivaa miwani, akamtazama kwa huruma ya mtu anayetaka kukufunga kamba taratibu. "Nasikia una ndugu pale."

"Ni mama yangu."

"Shangazi, nilivyosikia. Basi fikiria. Leo ukienda kusema namba ya ofisi yako ni mbovu, watu watasema nini? Watasema huyu anatetea nyumba ya kwao. Jina lako litachafuka, na la ofisi. Nyamaza, shangazi tutamtafutia namna. Yatakuwa shwari."

Siafu alitoka bila kuaga. Aliingia maliwatoni, akafungua bomba na kuliacha limwage, akashika kingo za sinki kwa mikono miwili. Kilichomuuma zaidi si kwamba mkubwa wake alidanganya. Ni kwamba katika yale aliyosema mwisho kulikuwa na ukweli. Kweli watasema. Na kweli, nyumba ile ingekuwa ya mgeni, je, angeshuka ngazi kwa kasi ile? Alitaka kujibu ndiyo. Hakuwa na uhakika, na kukosa uhakika kulimwongezea hasira, sasa akijikasirikia na yeye mwenyewe.

Kesho yake akaenda mtaani. Alama zilikuwa kila mahali, hadi barabara ya tatu kutoka majini, ambako hakuna mtu aliyewahi kulowa ila kwa mvua. Kinyozi wa pale, ambaye watu walikuwa wamemchagua awasemee, alikuwa mlangoni pake akikung'uta shuka lenye nywele.

"Karibu baharini," alimwambia Siafu. "Wateja wananiuliza siku hizi nanyoa watu au pweza."

Kisha tabasamu likamfutika. "Watu wana hasira nawe, dada. Nakuambia ili ujue. Hapa ulikulia, watu wanakumbuka ulivyokuwa ukipita na daftari. Wanasema umetuuza."

"Sikuuza mtu."

"Waambie wao. Mimi nina watoto na mlango wenye rangi."

Mwisho wa barabara alimkuta mpima ardhi, mwembamba, viatu vyeupe kwa vumbi, anakunja miguu mitatu ya darubini yake. Hapo Siafu akapasuka. Alimsema yule mtu mbele ya watu: kwamba anapaka rangi nyumba za watu kwa namba asiyoielewa, kwamba hata mbuzi angesita, kwamba mkono wake na ukauke. Mpima ardhi alimsikiliza, darubini begani.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia, nitasubiri."

Siafu akakunja mikono kifuani, amekereka.

"Nilisimama mlangoni pa yule kinyozi," alisema mpima ardhi. "Kwa namba niliyopewa, maji ya bamvu yanapaswa kunifika vifundoni. Lilikuwa bamvu siku hiyo hiyo. Nikaangalia viatu, vikavu. Nikapiga simu kwa wakubwa, wakaniambia kazi yako ni kupaka, si kufikiri. Nikapaka. Nina wakubwa kama ulionao wewe." Akashusha darubini chini. "Ukitaka kujua ukweli, tuanzie kwenye kifungo cha shaba, tulete kimo hadi hapa, kisha tuweke mti wa kupimia ndani ya hori. Nina siku za likizo ambazo sijazitumia. Lakini mti wa kusomea vimo utaushika wewe njia nzima."

Na aliushika. Walitembea kutoka gatini hadi horini, kituo baada ya kituo, yeye akiusimamisha mti wima kando ya barabara huku magari yakimpigia honi, mpima ardhi akichungulia na kutaja namba, kisha wakasimika mti mwingine majini horini na kurudi kinyume kuhakikisha. Hawakuwa marafiki. Siafu alimkosoa mwenzake kwa kila kitu, na mpima ardhi alimkosoa yeye kwa kutetemesha mti. Lakini walipofunga mzunguko, vimo vya kwenda na vya kurudi vilikubaliana, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya shangazi Siafu alihisi anakanyaga kitu kigumu.

Kisha akarudi kwenye sweta na baridi ya mashine. Alilikata hori vipande vidogo, vidogo kuliko uwanja wa mpira, akaingiza vina ambavyo watu wa bandari walikuwa wameshavipima, akaingiza mto unaomwaga maji kichwani mwa hori na upepo unaosukuma kutoka mdomoni, akaachia modeli itembee. Shwari alipita mara moja, akachungulia, akauliza anafanya nini. Alimjibu kwamba anafupisha maelezo. Mkurugenzi akaenda zake.

Majibu yalikuja mchana, wenzake wakiwa wameenda kula. Namba aliyoitoa Shwari ilikuwa juu mno, karibu urefu wa mkono tangu kiwiko hadi ncha ya vidole. Katika ardhi tambarare kama ile, kimo hicho ni barabara mbili nzima za nyumba. Kinyozi alikuwa nchi kavu. Watu wa barabara ya pili na ya tatu wote walikuwa nchi kavu, tena kwa nafasi. Siafu alipiga meza kwa furaha ya ukali, ile ya mtu aliyeshinda ugomvi.

Ndipo akatazama safu ya mbele.

Ndani ya hori maji hayakuwa sawa na bandarini. Mto na upepo viliyashikilia juu, kwa wastani, upana wa kiganja. Si kimo kikubwa. Lakini kiganja hicho kilitosha kupitisha mstari nyuma ya safu ile ya nyumba zinazotazama maji, na katika safu hiyo, ya pili kutoka mwisho, ilikuwa nyumba ya shangazi.

Alitafuta kosa. Alitafuta kama mtu anayemtafuta mwizi nyumbani mwake, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya pipa. Alipunguza mto, alibadilisha upepo, alikagua kina kimoja kimoja. Mstari ulitikisika kidogo na kurudi palepale. Akakumbuka mambo ambayo alikuwa ameyajua tangu zamani na kukataa kuyaona: magunia ya mchanga nyuma ya jiko, ukuta wenye ukungu hadi usawa wa goti, shangazi akisema kila mwaka kwamba ni mvua tu, mvua siku hizi haina adabu.

Kisha akaona njia. Wastani aliouchukua ulikuwa wa karibu miaka kumi na tisa, kwa sababu mwezi huchukua muda huo kumaliza mzunguko wake mkubwa na kila mpimaji wa bahari duniani hufanya hivyo. Ukikata miaka ya mwisho, ambayo bahari ilikuwa juu, na kubaki na ya mwanzo, mstari husogea. Alijaribu. Ukatoka nje ya ukuta wa shangazi kwa kidole kimoja.

Kidole kimoja. Sababu ya kuikata miaka angeweza kuitunga kabla chai haijapoa. Nani angejua? Shwari hakuwa na habari ya mwezi. Watu wa Ardhi walitaka namba. Siafu alikaa akiutazama mstari ule mpya kwenye kioo, mzuri, wenye huruma, na hasira aliyokuwa akiibeba kwa wiki nzima ikageuka ikamtazama yeye. Alikuwa anafanya alichofanya Shwari. Alikuwa anafupisha. Akaufuta, akatoka kwenda kumwambia shangazi kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Shangazi alimsikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Kwa hiyo kinyozi amepona."

"Ndiyo."

"Na yule mwenye duka, anayenidhulumu mizani, amepona."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi ndiye wa kuzama."

"Maji yanaingia tayari. Magunia yale si ya mvua, na unajua."

Cherehani ikanyamaza. "Najua nini? Nyumba hii tulijenga na mume wangu maji yakiwa kule, mbali, tunayasikia tu. Hatukuifuata bahari sisi. Imetufuata. Na wewe badala ya kuifukuza unaipimia njia."

"Sikuweza kuandika vingine."

"Uliweza?"

Siafu alinyamaza sekunde moja zaidi ya ilivyopaswa, na shangazi, aliyemlea, akaiona.

"Uliweza," alisema. "Kumbe uliweza. Nenda, mwanangu. Nenda kazini."

Kikao cha kusikiliza mapingamizi kilifanyika asubuhi katika ukumbi wa shule. Mtaa mzima ulikuja, watu wakakaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti videvuni. Mbele alikaa mwenyekiti, mwanamke mzito wa maneno aliyewahi kuwa hakimu. Kulia, wakili wa wenye maghala. Kushoto, Shwari, akifuta miwani. Siafu alipoitwa hakuitwa na ofisi yake. Aliitwa na kinyozi, kwa niaba ya wakazi, na Shwari aliposikia hilo akaacha kufuta.

Alieleza yote: sifuri mbili, kifungo cha shaba, hori dogo kuliko mraba. Mpima ardhi akasimama na kusema kwamba vimo alivisoma yeye mwenyewe na yuko tayari kuvisoma tena mbele ya yeyote. Mwenyekiti alimgeukia mkurugenzi.

"Maelezo haya yalikuwepo namba zilipotoka ofisini kwako?"

"Kulikuwa na maelezo ya kitaalamu, mheshimiwa. Tuliona ni vyema kuyafupisha ili—"

"Yalikuwepo au hayakuwepo?"

"Yalikuwepo."

Ukumbi ukavuma. Wakili akainuka kabla haujatulia. Alikuwa na sauti nzuri na aliijua.

"Mheshimiwa, ningependa shahidi atuambie kama ana jamaa katika mtaa huu."

"Ninaye," alisema Siafu. "Shangazi yangu, aliyenilea. Amekaa pale, kitambaa cha bluu."

Wakili akageukia watu, mikono wazi, kama anayewaonyesha sahani iliyokwisha kuliwa. "Na sasa, kwa bahati njema kabisa, hesabu mpya inamtoa shangazi baharini."

"Haimtoi."

"Samahani?"

"Haimtoi. Nyumba yake imo. Yeye na safu yote ya mbele." Sauti yake ilitetemeka, na watu wa nyuma walidhani anataka kulia. Hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika kiasi cha kutoona vizuri: kwa wakili na mikono yake, kwa Shwari, kwa maji, kwa kulazimika kulisema jambo lile hapo mbele ya mtu aliyemfulia nepi. "Mnataka kujua kama nimependelea? Ningetaka kupendelea, ningejua la kufanya, na hakuna hata mmoja wenu hapa ambaye angegundua. Wewe usingegundua. Yule mwenye miwani asingegundua. Na lipo jingine la kuandika, mheshimiwa, mkilisahau mtakuwa mmefupisha tena. Miaka ya mwanzo ya hesabu yangu, mstari uko nje ya nyumba zile. Watu hawa hawakujenga baharini. Walijenga kwenye ardhi yao, bahari ikaja. Hiyo nayo ni namba. Iandikeni."

Wakili alikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa barabara ya pili na ya tatu, waliopona, walitazama chini, kwa sababu wa safu ya mbele walikuwa wamekaa kati yao. Shangazi alisimama, akajifunga kitambaa vizuri, akatoka nje kabla kikao hakijafungwa.

Mwenyekiti aliandika yote mawili. Alama za nyuma zilifutwa. Kinyozi alipiga mlango wake rangi ya kijani siku hiyo hiyo, akamnyoa bure kila aliyekuja. Safu ya mbele walitakiwa kuhama, lakini kwa kuwa ilithibitika bahari ndiyo iliyowafuata, hawakuhesabiwa wavamizi, na baada ya mabishano marefu walipewa viwanja mlimani, vyenye mawe mengi, mbali na soko. Haikuwa haki. Ilikuwa afadhali kidogo kuliko dhuluma waliyoandaliwa, na watu wakaipokea hivyo, kwa kununa. Maghala hayakujengwa, kwa kuwa ukanda wa mbele peke yake haukutosha; wenye nayo walipata sehemu nyingine, ambako labda hakuna mtu wa kubisha.

Siku ya kuhama, Siafu alikwenda kubeba. Shangazi alimruhusu abebe masufuria na godoro. Aliponyoosha mikono kuichukua cherehani, shangazi alimwita kinyozi aje aibebe.

Miezi ikapita. Alikuwa akipanda mlima kila Jumamosi. Shangazi alimpa chai, akamuuliza habari za afya, kama mgeni. Alilalamikia mawe, upepo, jirani mpya anayefuga jogoo asiyejua saa. Kuhusu hori hakusema kitu. Jumamosi moja alikuwa akihangaika na sindano dirishani, akiisogeza na kuiondoa, mwisho akainyoosha bila kugeuka.

"Nitungie. Ni macho tu, usifikiri nimekusamehe."

Siafu akatunga, akamrudishia. Shangazi aliukagua uzi kwenye mwanga kana kwamba huenda nao ni uongo, kisha akaanza kushona.

Shwari hakufukuzwa. Alipandishwa cheo, akapelekwa wizarani, na ofisini wakamfanyia tafrija ya soda na keki. Siafu aliombwa aseme maneno mawili. Alisema, "Hayo mawili nayahifadhi," akarudi ghorofa ya tatu. Wenzake walimwambia amezidi, kwamba mtu akishaondoka hasira ya nini. Hakuweza kuwaeleza. Hasira ile haikuwa homa ya kupanda na kushuka. Ilikuwa imeshakaa, ina kiti chake.

Tangu hapo hakutuma tena namba kwa mtu. Ofisi iliyotaka namba ilimpata mwenyewe, na sweta lake, na maelezo, ambayo aliyasoma kwa sauti tangu neno la kwanza. Majuzi alikuwa katika ofisi ya barabara, mbele ya mhandisi anayetaka kujenga daraja kwenye mdomo wa mto. Mhandisi alisikiliza kidogo, akatazama saa, akasema, "Dada, nimekuelewa, nipe tu ile namba ya mwisho."

"Nilikuwa nimefika wapi?" alisema Siafu.

"Sikumbuki."

"Basi hukuelewa," alisema, akavuta kiti karibu na meza, akaanza upya.